Mirolesi ya kuanzia au kompakti ya mfukoni: mwongozo kamili wa kuzilinganisha na kuchagua

Anayeniomba ushauri wa kamera ya kwanza kwa kawaida huja na majina mawili matatu aliyoyahifadhi kwenye simu, moja la mirolesi ndogo ya kuanzia, jingine la kompakti ya kutia mfukoni. Kabla ya kumjibu namuuliza: katika mwaka huu mmoja ujao, utanunua lenzi ya pili? Wengi husita, maana walikuja wamejiandaa kuzungumzia megapikseli. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua sehemu kubwa ya mambo, na hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Mirolesi ni kamera ya kubadilisha lenzi ambayo haina kile kioo cha ndani kilichokuwa kikirusha taswira kwenye kitazamio cha kamera za DSLR. Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008 ndiyo iliyofungua njia, na kioo kilipoondoka, mwili wa kamera ukapungua unene. Kompakti nayo haina kioo, kwa hiyo jina lenyewe halitutenganishii vizuri. Kinachozitenganisha ni kwamba lenzi ya kompakti imefungwa moja kwa moja mwilini na huwezi kuitoa. Ukubwa, uzito, mwanga, vumbi, hata namna kamera inavyozeeka, yote yanatokana na hapo.

Hatua ya 1: Pitia picha zilizokuangusha

Fungua simu yako utafute picha kama mia moja ulizopiga kwa hamu halafu zisikuridhishe. Zile nzuri ziache. Kwa kila moja jiulize ilikosea wapi, kisha weka alama kwenye karatasi.

Utaona makundi yanajitokeza yenyewe. Kuna picha za ndani ya nyumba usiku, zimejaa chenga na nyuso zimekuwa kama zimepakwa nta. Kuna za mbali, ambapo mtu uliyemlenga ni kidoa katikati ya uwanja. Kuna za mwendo: mtoto anakimbia, mkono umekuwa ukungu. Na kuna zile ambazo uso ni mzuri lakini nyuma kuna ndoo, kamba ya nguo na gari, vyote vikiwa vikali kama uso wenyewe.

Kila kosa lina dawa yake. Chenga za usiku zinadai kihisi (kibamba cha kupokea mwanga) kikubwa pamoja na lenzi inayofunguka sana. Umbali unadai zumu ya kweli ya lenzi. Mwendo unadai kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kwa muda mfupi, na fokasi inayomfuata mtu bila kumpoteza. Mandharinyuma yenye vurugu yanadai apecha pana, yaani tundu la lenzi lililofunguka sana, na hapo kompakti nyingi hushindwa waziwazi.

Kama makosa yako mengi ni upeo ulioinama, watu waliopigwa wakiwa wameupa mgongo mwanga wa dirisha, au vichwa vilivyokatwa, kamera mpya haitayaponya. Na kama picha zako karibu zote ni za mchana, nje, na zinaishia kwenye skrini ya simu, baki na simu. Nasema hivi kwa moyo mweupe: simu za siku hizi zimefika mbali. Xiaomi 12S Ultra ya 2022 ilikuwa na kihisi cha inchi moja, ukubwa ule ule uliokuwa fahari ya kompakti ghali.

Hatua ya 2: Jua ukubwa wa kihisi, uyaache megapikseli

Kihisi ndicho kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Mirolesi nyingi za kuanzia, kama Sony a6100, Nikon Z50 na Fujifilm X-T30, zina kihisi cha APS-C chenye milimita 23.5 kwa 15.6. APS-C ya Canon, iliyomo kwenye EOS R50, ni ndogo kidogo: 22.3 kwa 14.9. Familia ya Micro Four Thirds, ya Panasonic na Olympus ambayo sasa ni OM System, ina 17.3 kwa 13. Kompakti nzuri za zumu, kama mfululizo wa Sony RX100 ulioanza 2012, zina kihisi kiitwacho cha inchi moja: 13.2 kwa 8.8.

Jina hilo la inchi moja lisikuchanganye. Limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, na ukipima kihisi chenyewe kutoka pembe hadi pembe unapata milimita 16 hivi, pungufu sana ya inchi.

Chini kabisa kuna kompakti za kihisi cha 1/2.3, chenye milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Ukipiga hesabu ya eneo, APS-C ni kubwa kuliko inchi moja zaidi ya mara tatu, na kuliko hicho kidogo kama mara kumi na tatu. Kwa hiyo kompakti ya 1/2.3 haina cha kukupa kuliko simu nzuri, isipokuwa zumu ndefu. Ukikuta kompakti na huoni ukubwa wa kihisi ukitajwa popote, chukulia kwamba ni hicho kidogo mpaka utakapothibitisha vinginevyo.

Kuna kompakti chache zinazovunja utaratibu huu. Ricoh GR III ya 2019 ina kihisi cha APS-C ndani ya mwili wa gramu 257, na Fujifilm X100VI ya 2024 nayo ni APS-C. Gharama yake ni kwamba hazina zumu: GR III inaona upana wa lenzi ya milimita 28 tu, X100VI wa 35, kwa kipimo cha filamu ya zamani kinachotumika kulinganisha kamera zenye vihisi tofauti (milimita zikiwa chache unaona kwa upana, zikiwa nyingi unavuta karibu). Ukitaka kumkaribia mtu, tembea.

Hatua ya 3: Soma namba zilizozunguka lenzi

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Tazama ukingo wa mbele wa lenzi yoyote. Utaona maandishi madogo kama 16-50mm 3.5-5.6, mara nyingine yakitanguliwa na 1:. Namba za mwisho ni apecha, yaani lenzi inafunguka kiasi gani. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ngazi zake ni 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, na kila unapopanda ngazi moja unapoteza nusu ya mwanga. Namba zikiwa mbili, ya kwanza ni ya upande mpana wa zumu na ya pili ni ya upande wa kuvuta karibu.

Sasa linganisha. Lenzi inayokuja kwenye boksi la mirolesi ya Sony ya kuanzia ni 16-50 ya 3.5-5.6. Ya Nikon ni 16-50 ya 3.5-6.3. Ya Canon R50 ni 18-45 ya 4.5-6.3. Halafu geukia kompakti: RX100 III na Canon G7 X Mark III zote zina lenzi ya 1.8-2.8. Tundu lao ni pana zaidi kwa karibu ngazi mbili, na kwa Canon zaidi ya hapo.

Tuingie chumbani tuone maana yake. Ni usiku, taa ni moja ya dari, na mtoto amekaa mezani anachora. Mkono wake hautulii, kwa hiyo unahitaji shata ya 1/125 ili vidole visifanye ukungu. Kompakti ikiwa 1.8, tuseme inakubali kwa ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga uliopokewa, na kikipanda chenga huongezeka). Mirolesi ikiwa na lenzi ya boksi ya 3.5, mwanga ule ule unailazimisha kupanda hadi ISO 6400 hivi. Ikiwa ni ile ya 4.5, inafika 10,000. Ni kweli kihisi chake kikubwa kinavumilia ISO ya juu vizuri zaidi, lakini faida hiyo ya ukubwa ni kama ngazi moja na nusu hivi, na tayari imeliwa na lenzi. Weka picha mbili hizo kwenye kompyuta, uzikuze mpaka uone nyuzi za nguo ya mtoto, na chenga zitakuwa karibu sawa. Kwa lenzi ya 4.5, kompakti itatangulia.

Kuna njia rahisi ya kufanya hesabu hii kwa kamera yoyote, na ningependa uizoee kabla ya kulipa chochote. Chukua namba ya apecha, izidishe kwa kizidishi cha kihisi: 1.5 kwa APS-C, 1.6 kwa APS-C ya Canon, 2 kwa Micro Four Thirds, 2.7 kwa inchi moja. Jibu likiwa dogo, kamera inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha nzima na inaweza kufifisha mandharinyuma zaidi. Kompakti ya inchi moja kwa 1.8 inatoa 4.9. Sony na lenzi yake ya boksi kwa 3.5 inatoa 5.3. Canon R50 kwa 4.5 inatoa 7.2. Upande wa kuvuta, kompakti ya 2.8 inatoa 7.6, na Sony ya 5.6 inatoa 8.4. Unaona? Karibu hakuna tofauti, na pale ilipo, mara nyingi inaipendelea ile ndogo.

Sasa ivue mirolesi lenzi ya boksi, uivishe ya milimita 35 yenye 1.8 isiyo na zumu. Mara 1.5 unapata 2.7. Kompakti katika upana huo huo wa kuona, karibu na milimita 50 za kipimo cha filamu, tayari imeshajifunga hadi 2.8, ambayo kwa hesabu yetu ni 7.6. Tofauti ya 2.7 na 7.6 ni mwanga mara nane hivi. Mtoto yule yule, taa ile ile, na chenga zinatoweka. Ukuta wa nyuma unalainika, penseli inabaki kali. Hapo ndipo mirolesi inapojitenga na kompakti, na haijitengi kabla ya hapo.

Ndiyo maana nikauliza kuhusu lenzi ya pili. Mirolesi isiyobadilishwa lenzi ni kompakti kubwa.

Angalizo moja kwa upande wa kompakti: ile 1.8 inayoandikwa kwa herufi kubwa ipo upande mpana tu. Ukivuta kidogo inafunga. Na RX100 VII ya 2019, ambayo ina zumu ndefu, inaanzia 2.8 na kuishia 4.5, kwa hiyo kwenye chumba cha usiku ndugu yake wa zamani RX100 III anaishinda.

Hatua ya 4: Pima umbali unaouhitaji kweli

Watu hudhani kamera kubwa huvuta mbali zaidi. Lenzi ya boksi ya 16-50 kwenye APS-C inafika milimita 75 tu za kipimo cha filamu, ambayo ni umbali wa kupiga picha ya mabega na kichwa mkiwa chumba kimoja. RX100 VII inafika 200. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujaongeza chochote, kompakti hiyo inamwona mchezaji uwanjani mara mbili na nusu zaidi ya mirolesi.

Mirolesi ina jibu lake: Sony na Canon zote zina lenzi ya 55-210 kwa APS-C, zinazovuka milimita 300 za kipimo cha filamu. Ya Canon ina gramu 270, ya Sony gramu 345. Jibu hilo ni zuri, lakini linakaa kwenye begi na kukutaka usimame, ubadilishe lenzi, kisha urudi kwenye tukio.

Zumu ya kidijitali, mahali popote inapotajwa, iruke. Ni kukata picha tu.

Hatua ya 5: Beba chupa ya maji kwa wiki moja

Canon R50 yenye betri na kadi ina gramu 375. Ongeza lenzi ya boksi ya gramu 130 na unafika 505. Hiyo ni chupa ya maji ya nusu lita. RX100 VII na G7 X Mark III zina gramu 300 na ushei, na muhimu zaidi, RX100 ina unene wa sentimita 4 hivi ikiwa imezimwa, wakati mirolesi ina lenzi inayochomoza mbele na kuifanya isiingie mfukoni kwa namna yoyote.

Kwa hiyo jaza chupa ya nusu lita, uifunge, na uende nayo kila mahali kwa siku saba: kazini, sokoni, kwenye ziara, kwenye sherehe. Usiweke simu wala vitafunio pamoja nayo kwenye mfuko huo. Siku ya kwanza haitakusumbua. Angalia siku ya nne asubuhi unapotoka nyumbani ukiwa umechelewa: umeichukua au umeiacha mezani? Zoezi hili limeokoa watu wengi ninaowajua wasinunue kamera ambayo ingekaa kabatini.

Mimi nalijua hilo kwa uchungu. Jioni moja mvua ilikatika ghafla, jua likapenya chini ya wingu, na mtaa mzima ukang'aa kama shaba, watu wakitembea juu ya vivuli vyao. Kamera yangu ya lenzi kubwa ilikuwa nyumbani kwa sababu asubuhi begi lilionekana zito. Mwanga ule ulidumu dakika tano. Mpaka leo nikikumbuka naona picha ambayo sina.

Hatua ya 6: Ishike, iwashe, ilenge

Ukipata nafasi ya kuzishika zote mbili, fanya mambo machache kwa makusudi. Washa kamera huku ikiwa kiunoni, inua, piga. Kompakti ya zumu lazima kwanza itoe lenzi nje, na sekunde hiyo moja au mbili utaihisi. Mirolesi yenye lenzi ya kukunjwa kwa mkono nayo itakudai uizungushe kabla haijapiga.

Kisha toka juani. Skrini nyingi huzimwa na jua la saa sita, na hapo kitazamio cha jicho kinageuka kuwa hitaji. R50 inacho. Nikon Z30 na Sony ZV-E10 hazina, ingawa ni mirolesi. GR III nayo haina. RX100 kuanzia ya tatu ina kimoja kidogo kinachochomoka juu kwenye kona. Mvaaji wa miwani akijaribu ajaribu na miwani yake.

Kuhusu fokasi, mlenge mtu anayetembea kukujia. Mirolesi za miaka ya karibuni humshika jichoni na kumfuata, na R50 hutambua pia wanyama na magari. Kwa kompakti ni bahati ya modeli. RX100 VII inafuata vizuri sana. G7 X Mark III inatumia mfumo wa kutafuta kwa kulinganisha ukali, na kwenye video utaiona ikienda mbele na kurudi nyuma kabla haijatulia. Na usidhani kila mirolesi ya kuanzia ni sawa: Canon R100 ya 2023 ina skrini isiyoguswa wala kukunjuka, jambo ambalo mtu aliyetoka kwenye simu litamkera kila siku.

Betri ni fupi. GR III imekadiriwa picha 200 hivi kwa chaji moja, RX100 VII 260, Sony a6000 ya zamani 360. Kompakti yoyote, panga kununua betri ya pili siku hiyo hiyo.

Kompakti zina zawadi moja ambayo haisemwi vya kutosha: nyingi kati ya zile nzuri zina shata iliyo ndani ya lenzi. Inasikika kama kucha ikigusa karatasi. Unaweza kumpiga picha mzee aliyezama kwenye maombi, au mtoto aliyelala, bila kumshtua. Shata hiyo pia hukubaliana na flashi kwa kasi kubwa mchana, wakati mirolesi nyingi za kuanzia hufikia kikomo karibu na 1/200.

Kwa video, mwenye nia ya kurekodi mazungumzo marefu achukue mirolesi. Mwili mdogo hauna pa kupeleka joto, na kompakti ikirekodi 4K mfululizo huzidiwa mapema. Angalia pia tundu la maikrofoni. Kompakti nyingi za zamani hazina, na sauti mbaya huchosha mtazamaji kuliko picha mbaya.

Hatua ya 7: Kama ni mirolesi, chagua familia ya lenzi kabla ya mwili

Ukinunua mirolesi unaoa familia. Lenzi za Sony E, Nikon Z, Canon RF, Fujifilm X na Micro Four Thirds haziingiliani hivi hivi. Mwili utaubadilisha baada ya miaka michache. Lenzi utahama nazo. Kwa hiyo kabla ya kuvutiwa na mwili wowote, andika lenzi mbili utakazotaka baadaye, tuseme moja ya 1.8 isiyo na zumu na moja ya kuvuta mbali, kisha uone kama zipo kwenye familia hiyo na kama zinapatikana pale ulipo, mpya au zilizotumika. Sony E ipo tangu 2010 na Micro Four Thirds tangu 2008, hivyo lenzi zilizotumika ni nyingi. Canon RF na Nikon Z zilianza 2018, na uchaguzi wa lenzi ndogo za APS-C ndani yake ni mwembamba zaidi.

Kuwa macho na familia zilizozikwa. Nikon 1 ilisimamishwa 2018. Canon EF-M, ile ya kamera za EOS M kama M50, nayo imeachwa, na lenzi zake haziwezi kufungwa kwenye mwili wa RF. Samsung NX imekwisha. Kamera hizo bado hupiga picha nzuri, na mtu akikuuzia kwa bei ya chini pamoja na lenzi unazozihitaji zote, nunua kwa amani. Ila usinunue ukitarajia kukua nazo.

Hatua ya 8: Ikiwa imetumika, ikague hivi

Kompakti iliyotumika huumwa sehemu moja: lenzi inayotoka na kuingia. Iwashe na kuizima mara kumi mfululizo ukiwa umeikaribisha sikioni. Unatafuta mlio mmoja laini. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga chini ya kiatu, au lenzi ikasita katikati, irudishe kwa mwenyewe. Niliwahi kuua kompakti yangu ufukweni kwa njia hiyo. Chembe chache tu ziliingia kwenye pete za lenzi, ikabaki imetoka nusu na haikurudi tena, na fundi akaniambia gharama ya kuifungua inakaribia ya kuipata nyingine.

Kisha tafuta vumbi ndani. Funga apecha hadi 11 au 16, au ya mwisho inayokubali, piga picha ya ukuta mweupe au anga tupu, halafu uikuze na kuipitia polepole. Vidoa vya kijivu vinavyobaki mahali pale pale kwenye kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Kwenye mirolesi hilo si janga, maana unatoa lenzi na kupuliza kwa kipulizio cha mpira. Kwenye kompakti, kihisi hakifikiki bila kuvunjwa kamera, na GR zina sifa hiyo ya kuvuta vumbi. Kidoa kimoja kwenye kompakti ni sababu ya kutosha kukataa.

Kwa mirolesi, mulika tochi ndani ya lenzi ukitazama upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu huendelea kukua. Tikisa lenzi kidogo ikiwa imefungwa mwilini, isicheze. Toa betri uilaze mezani: ikiyumba, imevimba.

Hatua ya 9: Amua

Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza na matokeo ya chupa.

Kama chupa ilibaki nyumbani zaidi ya siku mbili, nunua kompakti ya inchi moja na usione haya. Kama makosa yako ni ya usiku na chumbani, tafuta ya 1.8-2.8, kama ni ya umbali, chukua ya zumu ndefu ukijua kwamba usiku itahangaika. Kama unapenda mitaa na watu, na huumizwi na kukosa zumu, GR ndiyo ninayoipenda kuliko zote za mfukoni, pamoja na vumbi lake.

Kama chupa ulizoea, na makosa yako ni mandharinyuma, chumba cha giza au watoto wanaokimbia, chukua mirolesi. Ukiwa na fedha ya mwili mpya na lenzi ya boksi pekee, mimi ningechukua mwili uliotumika wa miaka kadhaa nyuma, a6000 ya 2014 kwa mfano, na fedha inayobaki iende kwenye lenzi ya 1.8. Picha zitakazotoka humo zitakuwa nzuri kuliko za mwili mpya wenye lenzi ya 4.5. Kwa watoto wanaokimbia tu ndipo ningetafuta mwili mpya zaidi, kwa sababu ya fokasi.

Hatua ya 10: Wiki za mwanzo

Kwa kamera yoyote kati ya hizi, weka gurudumu kwenye A au Av (wewe unachagua apecha, kamera inachagua kasi ya shata), ISO iwe ya kujiendesha, na kasi ya chini ya shata ndani ya mpangilio huo wa ISO iwe 1/125 kama kamera inaruhusu. Hifadhi RAW, faili ghafi la kuhariri baadaye, pamoja na JPEG, picha iliyo tayari kutumwa. Jifunze kitufe kimoja tu kwa sasa, kile cha kuongeza na kupunguza mwanga chenye alama za + na -. Watu wenye ngozi nyeusi waliosimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu hutoka giza kamera ikiachiwa iamue yenyewe. Ongeza theluthi mbili hadi ngazi moja, uangalie, uongeze tena ikibidi.

Kama ulinunua mirolesi na lenzi ya boksi, usinunue lenzi ya pili mwezi wa kwanza. Piga miezi mitatu. Kisha fungua picha ulizozipenda kwenye kompyuta, usome taarifa zake, na uandike kila moja ilipigwa kwa milimita ngapi. Zikijazana karibu na 16 na 18, wewe ni mtu wa vyumba na mandhari, na lenzi yako ijayo ni pana. Zikiwa karibu na 35, chukua ile 35 ya 1.8. Zikiwa zimesongamana zote kwenye 50, kila mara umevuta mpaka mwisho, basi ni 50 ya 1.8 kwa nyuso au ile ya kufika 210 kwa uwanjani, na picha zenyewe zitakuonyesha ni ipi: tazama kama ulikuwa ukisogelea watu au ukiwakimbiza.